Hedi au kamshafti: Ipi ibadilishwe kwanza ili injini iongeze nguvu?

WAPENZI wa magari wanaotaka kuongeza nguvu ya injini hufika mahali pamoja, ambapo fedha iliyopo mfukoni inatosha kununua kitu kimoja tu kati ya viwili: hedi ya silinda iliyo bora zaidi, au kamshafti iliyo kali zaidi.

Fundi mmoja atamshauri mwenye gari aanze na kamshafti, kwa sababu kazi yake ni fupi na mngurumo wa gari hubadilika siku hiyohiyo. Mwingine atamwambia aanze na hedi. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, lakini kila mmoja kwa injini yake, na hapo ndipo fedha za watu wengi hupotea.

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa kutumia injini ambazo bado zinaonekana katika miji yetu yote, yaani injini za Toyota za familia ya A. Hasa tutazitazama mbili: 4A-FE iliyofungwa katika Corolla za kawaida za miaka ya 1990, na ndugu yake 4A-GE iliyofungwa katika Levin, Trueno na MR2.

Injini hizo zinafaa kwa mfano kwa sababu Toyota yenyewe ilikwisha kulifanya jaribio ambalo mwenye gari anataka kulifanya gereji. Kwa miaka mingi iliunda injini zenye ukubwa uleule wa sentimita za ujazo 1,587, kipenyo kilekile cha silinda cha milimita 81 na mwendo uleule wa pistoni wa milimita 77, lakini ikazivika hedi tofauti.

Matokeo yake, kwa vipimo vya Japani, ni haya. Injini ya 4A-FE ya Corolla ya mwaka 1991 ilitoa nguvu za farasi 115. 4A-GE yenye valvu 16 iliyotoka mwaka 1989 ilitoa 140. Mwaka 1991 ikaja 4A-GE yenye valvu 20, tano kwa kila silinda, ikitoa 160, na toleo lake la mwaka 1995 likafikia 165.

Hizo ni nguvu za farasi 50 zilizopatikana bila kuongeza hata sentimita moja ya ujazo. Ni kweli kwamba kamshafti nazo zilitofautiana, pia kompresheni na njia za kuingizia hewa. Hata hivyo, kamshafti ya 4A-GE isingeweza kufanya kazi hiyo juu ya hedi ya 4A-FE, na ili kuelewa sababu yake hatuna budi kurudi nyuma kidogo na kutazama jinsi injini inavyovuta pumzi.

Injini ni pampu ya hewa

Petroli haiungui yenyewe. Kila gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote, na kwa hiyo injini inayotaka kutoa nguvu nyingi lazima kwanza iingize hewa nyingi. Kumwaga petroli zaidi bila hewa kunaleta moshi mweusi tu.

Hewa hiyo hupita katika hedi. Huingia kupitia njia zake, hupita pembeni mwa valvu, huungua katika chumba kilicho chini ya hedi, kisha hutoka kama moshi kupitia valvu ya upande wa pili. Umbo la njia hizo, ukubwa wa valvu na pembe zilizochongwa kwenye siti za valvu ndivyo vinavyoamua ni hewa kiasi gani inaweza kupita.

Kamshafti kazi yake ni nyingine. Ni fimbo yenye nundu, na inazunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Nundu ndizo zinazosukuma valvu zifunguke. Umbo la nundu huamua valvu ifunguke lini, ikae wazi kwa muda gani, na iinuke kwa kimo gani.

Kwa maneno mengine, hedi huweka ukomo wa pumzi ya injini, na kamshafti huchagua ni katika kasi ipi ya mzunguko ukomo huo ukaribiwe.

Tazama tena takwimu za Toyota, safari hii kwa upande wa nguvu ya kuvuta. 4A-FE ya farasi 115 ilifikia nguvu ya juu kabisa ya kuvuta ya kilogramu-mita 15 hivi, sawa na uzito wa kilo 15 ulioning'inizwa kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. 4A-GE ya farasi 140 nayo ilifikia kiasi hichohicho, kilogramu-mita 15.

Tofauti ilikuwa ni wapi. Ya kwanza ilifikia kilele hicho katika mizunguko 4,800 kwa dakika, ya pili katika mizunguko 6,000. Injini ya michezo haikuvuta kwa nguvu zaidi. Iliweza kuendelea kuvuta pale ambapo ya kawaida ilikuwa imekwisha kuishiwa pumzi, na kwa kuwa nguvu za farasi ni mvuto ukizidishwa kwa mizunguko, hesabu ikapanda.

Anayeendesha gari kutoka Mbagala hadi Posta kila asubuhi ajiulize ni mara ngapi kwa wiki injini yake hufika mizunguko 6,000.

Kamshafti kali inafanya nini

Kamshafti hutajwa kwa nyuzi, yaani sehemu ya mzunguko wa krankshafti ambayo valvu hukaa wazi. Ile ya kiwandani ya 4A-GE ya valvu 16 ni ya nyuzi 240 hivi. Za michezo zinazouzwa kwa ajili ya injini hiyo huanzia nyuzi 256 au 264, hupanda hadi 272 na 288, na za mashindano kamili huvuka 300.

Katika kasi kubwa, hewa inayokimbilia ndani ya silinda ina msukumo wake. Hata pistoni ikianza kupanda, hewa huendelea kuingia kwa muda mfupi, na kwa hiyo valvu ikichelewa kufungwa silinda hujaa zaidi. Hiyo ndiyo faida ya kamshafti kali.

Katika kasi ndogo hewa haina msukumo huo. Pistoni ikipanda huku valvu bado iko wazi, huirudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia. Kompresheni halisi hushuka, gari hulegea, na dereva hulazimika kukanyaga zaidi ili lisogee. Ndiyo maana kamshafti kali hudai pistoni zenye kompresheni kubwa zaidi. Ikifungwa kwenye injini yenye kompresheni ya 9.5 kwa 1, kama 4A-FE, sehemu kubwa ya faida hupotea.

Kuna pia kipindi kifupi ambacho valvu ya kuingizia na ya kutolea moshi huwa wazi kwa pamoja. Kamshafti kali hukirefusha kipindi hicho. Gari likiwa limesimama, moshi hurudi na kuchanganyika na hewa mpya, na injini hutetemeka kwa ule mdundo ambao vijana huupenda sana. Mdundo huo ni dalili ya uunguaji mbovu, ingawa si rahisi kumshawishi mtu ambaye amelipa fedha ili aupate.

Madhara yake hayaishii kwenye mtetemo. Kompyuta za Corolla nyingi za miaka hiyo hukadiria hewa kwa kupima mgandamizo ndani ya menifoldi. Kamshafti kali huondoa mvuto wa menifoldi gari likiwa limesimama, na kompyuta hudhani kwamba dereva amekanyaga mafuta, hivyo humwaga petroli zaidi. Mwenye gari huona tanki linakauka haraka na kumlaumu muuza mafuta.

Busta ya breki nayo hutegemea mvuto huohuo wa menifoldi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanda Corolla ya rafiki yake iliyokuwa imefungwa kamshafti ya michezo katika gereji moja ya mtaani. Katika foleni ya mteremko, baada ya kukanyaga breki mara kadhaa mfululizo, pedali ikawa ngumu kama ukuta. Hatukugonga mtu, lakini tulisimama karibu mno na daladala iliyokuwa mbele. Wiki iliyofuata kamshafti ya zamani ilirudishwa.

Gari la gia otomatiki huteseka zaidi, kwa kuwa injini inapokuwa kwenye gia huku gari limesimama hubebeshwa mzigo katika mizunguko michache. Kwa kamshafti ya nyuzi 272 na kuendelea, gari la namna hiyo ama hutaka kuzimika au hulazimika kuwekewa mizunguko mingi ya kusimamia, likawa linatambaa lenyewe pale dereva anapoachia breki.

Hesabu ya valvu

Mbali na muda, kamshafti huongeza kimo cha valvu kuinuka. Hapa ndipo hedi inapoonyesha mamlaka yake, na hesabu yake ni rahisi.

Hewa hupita katika uwazi ulio kati ya valvu na siti yake. Uwazi huo huongezeka kadiri valvu inavyoinuka, lakini valvu ikishainuka kwa robo ya kipenyo chake, uwazi huo unakuwa umelingana na eneo la tundu la valvu yenyewe. Kuanzia hapo faida hupungua, kwa sababu kizuizi si pembeni mwa valvu tena bali ni njia ya hewa ndani ya hedi.

Valvu ya kuingizia hewa ya 4A-GE yenye valvu 16 ina kipenyo cha milimita 30.5. Robo yake ni milimita 7.6. Kamshafti ya kiwandani huinua valvu kwa milimita 7.5 hivi. Wahandisi wa Toyota, na wale wa Yamaha walioshiriki kuiunda hedi hiyo, hawakubahatisha.

Kwa vitendo kimo cha milimita nane au tisa bado huleta nafuu, maana valvu hukaa muda mrefu zaidi karibu na uwazi wake mkubwa. Lakini anayenunua kamshafti ya kuinua valvu kwa milimita 11 na kuifunga kwenye hedi ambayo njia zake hazijaguswa, anainua valvu mbele ya mlango ambao haupanuki.

Kukuza njia si lazima kuongeza nguvu

Baada ya kusikia hayo, wengi hukimbilia kumwambia fundi apanue njia za hedi kwa msasa wa mota hadi zing'ae. Historia ya injini hiyohiyo inawaonya.

4A-GE ya kwanza, iliyotoka mwaka 1983, ilikuwa na njia kubwa sana za kuingizia hewa. Zilikuwa kubwa kiasi kwamba katika kasi ndogo hewa ilitembea polepole na injini ikakosa mvuto. Toyota ililazimika kuweka vilango ndani ya menifoldi vilivyoziba nusu ya njia hizo hadi injini ivuke mizunguko 4,000 na ushei.

Mwaka 1989 ikatoa hedi mpya ambayo njia zake zilikuwa ndogo zaidi. Vilango vikaondolewa, kompresheni ikapandishwa hadi 10.3 kwa 1, na nguvu ikaongezeka badala ya kupungua. Hadi leo mafundi wa injini hizo hutofautisha hedi ya njia kubwa na ya njia ndogo, na kwa gari la barabarani wengi huchagua ya njia ndogo.

Hewa inahitaji mwendo kama inavyohitaji nafasi. Kwa hiyo kazi nzuri ya hedi haipimwi kwa mng'ao. Hupimwa kwa siti za valvu zilizokatwa pembe tatu badala ya moja, kwa valvu zilizosagwa zikaziba sawasawa, kwa njia za hedi zilizolinganishwa na matundu ya menifoldi na gasketi ili pasiwe na kingo, na kwa kusawazisha sehemu iliyo nyuma ya valvu ambako hewa hupinda. Hedi ikichongwa uso kidogo, kompresheni nayo hupanda. Ikichongwa sana, injini hugonga kwa petroli ya kawaida ya vituoni na gasketi haichukui muda kuungua.

Kazi hiyo haina mdundo wa kuwasikilizisha majirani. Lakini huongeza nguvu bila kuiba mvuto wa chini, breki hubaki salama, na matumizi ya mafuta mara nyingi hayaharibiki.

Injini za zamani zenye valvu mbili

Kwa injini zenye valvu mbili kwa kila silinda, zile ambazo kamshafti iko chini ndani ya bloku na kusukuma valvu kwa vijiti, jibu limekuwa likielemea upande wa hedi kwa muda mrefu.

Wasomaji wenye umri watakumbuka Ford Escort. Aina ya Mexico ilikuwa na injini ya vijiti ya sentimita za ujazo 1,600 iliyotoa nguvu za farasi 86 hivi. Escort RS1600 ilijengwa juu ya bloku ya familia hiyohiyo, lakini kampuni ya Cosworth ya Uingereza iliibunia hedi ya valvu 16 yenye kamshafti mbili juu, zinazoendeshwa kwa mkanda. Nguvu zikafika 120 hivi katika gari la kuuzwa dukani. Ni kwa Escort RS1600 ambapo Hannu Mikkola wa Finland alishinda Safari Rally mwaka 1972, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuyashinda mashindano hayo.

Huko Marekani, ambako ubishi wa hedi na kamshafti ni wa kila siku miongoni mwa wenye injini za V8, Ford ilitoa jibu lake mwaka 1993. Mustang GT ya mwaka huo ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 205. Mustang Cobra yenye injini ya ukubwa uleule ilitajwa kuwa na 235. Cobra ilipewa hedi zenye valvu kubwa zaidi, kwa upande wa kuingizia hewa inchi 1.84 badala ya 1.78, pamoja na menifoldi bora, huku kamshafti yake ikiwa ya upole.

Kwa hiyo mwenye gari la zamani la valvu mbili ambaye ananunua kamshafti kabla ya kuishughulikia hedi, anaanzia mwisho.

Mwinuko wa mji nao unahusika

Jambo jingine ambalo halisemwi sana gereji ni mahali gari linapotumika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,650 juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu mita 1,400 na Kampala karibu mita 1,200. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa kwa takriban asilimia 15, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho.

Injini ya farasi 115 inayopelekwa kutoka pwani hadi Nairobi hubaki na karibu 98. Mwenye gari huliona linazembea mlimani na hutaka kulifidia kwa kamshafti kali. Anachokosa ni mvuto wa kasi ndogo na ya kati, na hicho ndicho kamshafti kali itakachompunguzia zaidi. Huko, hedi iliyofanyiwa kazi na kuongezewa kompresheni kidogo husaidia zaidi, tena hewa nyepesi huipunguzia injini uwezekano wa kugonga. Gari hilo likishushwa tena pwani, uwezekano huo hurudi.

Nani achague nini

Tukirudi kwa Corolla, mwenye 4A-FE, au 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498, yuko katika nafasi ngumu kuliko anavyodhani. Hedi yake iliundwa kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta: njia zake ni nyembamba, na pembe kati ya valvu ni nyuzi 22 tu, wakati ya 4A-GE ni nyuzi 50. Mkanda wa taimingi huzungusha kamshafti moja, na hiyo ndiyo inayoizungusha nyingine kwa meno ya gia. Kamshafti za michezo za injini hiyo ni adimu, na wengi huishia kuzipeleka za zamani kuchongwa upya.

Je, anaweza kuweka hedi ya 4A-GE juu ya bloku yake? Imefanyika, hata juu ya bloku ya 7A-FE ya sentimita za ujazo 1,762, mseto ambao Toyota yenyewe haikuuza. Lakini pistoni za FE hazikuchongwa kwa ajili ya valvu za hedi hiyo, konrodi zake ni nyembamba, na menifoldi, kompyuta na waya lazima vibadilike. Akijumlisha gharama zote, kwa kawaida atakuta kwamba kununua injini nzima ya 4A-GE iliyotumika, pamoja na kompyuta na waya zake, katika maduka ya spea ya Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ni nafuu na salama kuliko kuunga vipande. Mwandishi hangemshauri mtu yeyote kutia fedha katika kamshafti ya 4A-FE.

Mwenye 4A-GE ya valvu 16 hali yake ni kinyume. Hedi anayo tayari, tena njema. Kwake kamshafti ndiyo hatua ya kwanza yenye maana, mradi awe na kiasi: nyuzi 256 au 264 kwa gari la kila siku, na 272 kwa asiyejali kukanyaga zaidi foleni. Kwa kuwa kila kamshafti ya injini hiyo ina puli yake, fundi anaweza kufunga puli za kurekebishika na kuisogeza taimingi ya kila upande peke yake hadi apate mvuto anaoutaka. Kuvuka nyuzi 288 bila pistoni za kompresheni kubwa na kompyuta inayopangwa upya ni kujitafutia hasara.

Mwenye valvu 20 asiguse. Kamshafti yake ya kuingizia hewa tayari ina mtambo wa kubadili taimingi, kila silinda ina mlango wake wa hewa, na kilichobaki kuongezwa kwa bei ya kawaida ni kidogo mno.

Kwa magari ya miaka ya 2000 na kuendelea yenye VVT-i, kama vile IST, Allion na Spacio, swali lenyewe hubadilika. Kompyuta ndiyo inayosogeza kamshafti wakati gari linatembea, ikipata mvuto wa chini na pumzi ya juu kwa pamoja. Honda ilikwisha kuonyesha njia nyingine mwaka 1989 kwa VTEC, yenye nundu za upole na nundu kali kwenye kamshafti moja: sentimita za ujazo 1,595 na nguvu za farasi 160. Kufunga kamshafti kali katika injini za namna hiyo bila kupanga upya kompyuta ni kubomoa kilichokwisha kutatuliwa.

Kabla ya kufungua injini

Lipo jambo la kufanya hata kabla ya kuchagua, nalo ni kupima kompresheni ya silinda zote nne. Injini yenye miaka 25 ambayo silinda moja imeshuka haihitaji kamshafti wala hedi ya michezo; inahitaji ringi, valvu zisagwe na gasketi mpya. Mara nyingi kazi hiyo peke yake humrudishia mwenye gari nguvu alizodhani kwamba hazikuwahi kuwapo.

Iwapo kamshafti itabadilishwa, springi za valvu zibadilishwe pamoja nayo. Ukitoka mizunguko 6,000 hadi 7,500, kasi imeongezeka kwa asilimia 25, lakini nguvu inayozitikisa pistoni na valvu imeongezeka kwa asilimia 56, kwa kuwa hupanda kwa kipeo cha pili. Springi dhaifu huiacha valvu ikielea, nayo ikikutana na pistoni hupinda.

Nafasi kati ya valvu na pistoni hupimwa, haikadiriwi kwa macho. Fundi mzuri hubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, hufunga hedi na gasketi, huzungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kisha hufungua na kupima unene wa udongo pale valvu ilipoukandamiza. Fundi anayezungusha kwa stata ili "kusikiliza" anatumia injini ya mteja kama kipimo.

Kamshafti iliyochongwa upya huwa imepungua mwili, kwa hiyo shimu za valvu lazima zipimwe na kubadilishwa kwa nene zaidi, la sivyo valvu hazitainuka kwa kimo kilicholipiwa na zitagonga kwa kelele.

Mwisho ni makaratasi. Namba ya injini imeandikwa katika kadi ya usajili wa gari. Aliyebadilisha injini nzima aipeleke namba mpya kwa mamlaka ya usajili na aijulishe kampuni yake ya bima kabla ya kuingia barabarani, kwa kuwa ajali ikitokea namba hiyo ni miongoni mwa mambo yanayokaguliwa.